Kizuri Chajiuza? Alyque Padamsee, Bwana wa Matangazo Aliyeishi Jukwaani

ISIOLO — Wazee wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali ya watu waliozoea biashara, na kule Mombasa, Lamu na Unguja hutumiwa kumnyamazisha mchuuzi apigaye kelele kupita kiasi. Lakini mtu akikaa siku moja tu hapa Isiolo ataona kwamba vizuri na vibaya vyote vinajitembeza. Katika soko la mifugo dalali hupitisha mkono juu ya nundu ya ng'ombe huku akimsifu kana kwamba anamposea mke. Kwenye kuta za maduka zimechorwa picha za sabuni, simu na unga. Na barabarani zinapita pikipiki za bodaboda, nyingi zikiwa za Bajaj kutoka Bara Hindi, zimebeba abiria wawili na mbuzi mmoja.

Kwa miaka mingi lami ilikomea hapa. Aliyekuwa na safari ya Marsabit au Moyale alipanda juu ya lori la mizigo akala vumbi siku nzima au zaidi, mpaka barabara mpya ilipokamilika katika miaka ya 2010. Lakini tangazo halikungoja lami. Sabuni ya Omo na siagi ya Blue Band, bidhaa za iliyokuwa East Africa Industries ambayo baadaye iliitwa Unilever Kenya, zilijulikana kwa majina katika maboma ambako gari lilipita mara moja kwa mwezi. Ni nani basi aliyezipa bidhaa hizi ulimi? Watu wa kazi hii huwa nyuma ya pazia, na majina yao hayaandikwi juu ya pakiti.

Mmoja wao anastahili kujulikana na wasomaji wetu wa pwani, kwa sababu maisha yake yanagusa bahari ile ile inayogusa miguu yetu. Huyu ni Alyque Padamsee wa Bombay, mji ambao siku hizi huitwa Mumbai. Mchana alikuwa mkuu wa kampuni ya matangazo. Jioni alikuwa mwongozaji wa michezo ya kuigiza, naye aliongoza zaidi ya 70 katika umri wake. Alipoandika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1999, alikiita kwa Kiingereza A Double Life, yaani maisha mawili.

UKOO WA KHOJA

Alyque alizaliwa tarehe 5 Machi 1928, katika ukoo wa Khoja wenye asili ya Kathiawar, sehemu ya Gujarat. Msomaji wa Mombasa au Zanzibar hana haja ya kuelezwa Khoja ni nani. Kutoka pwani hiyo ya Gujarat na Kutch walitoka wafanyabiashara waliokuja kwetu na majahazi ya kaskazi: Tharia Topan, aliyekuwa mkubwa wa ushuru wa forodha mjini Zanzibar katika karne ya 19, na Allidina Visram, ambaye maduka yake yalitambaa kutoka pwani hadi Uganda na ambaye jina lake limebaki katika shule moja mashuhuri ya Mombasa. Waliopanda jahazi wakawa watu wa Afrika, na waliobaki wakawa watu wa Bombay. Padamsee ni wa hao waliobaki. Baba yake, Jaferbhai, alikuwa mfanyabiashara mwenye mali, na mama yake, Kulsumbai, alikuwa mwanamke wa shoka aliyeiendesha nyumba kubwa ya watoto wengi.

Mchezo wa kuigiza uliingia katika nyumba hiyo kwa mlango wa kaka. Sultan Padamsee, ambaye jamaa walimwita Bobby, alikuwa mshairi na kijana mwenye moto. Katika miaka ya 1940, wakati vita vikuu vya pili vikiendelea, yeye na wenziwe waliunda chama cha michezo kilichoitwa Theatre Group. Bobby alikufa mwaka 1946, angali kijana. Alyque alikuwa na miaka 17.

Aliyeshika usukani wa chama baada ya msiba huo ni Ebrahim Alkazi, na hapa tena msomaji wa pwani atasikia habari za jamaa zake. Alkazi alizaliwa Pune mwaka 1925, baba yake akiwa Mwarabu wa Najd na mama yake akiwa wa Kuwait, maana katika zama hizo Waarabu wa biashara walikuwa na nyumba Bara Hindi kama walivyokuwa nazo Mombasa na Zanzibar. Alimwoa Roshan, dada yake Alyque. Baadaye Alkazi alikwenda Delhi akaiongoza shule ya taifa ya mchezo wa kuigiza kuanzia mwaka 1962 hadi 1977, na leo wengi humhesabu kuwa baba wa jukwaa la kisasa la India. Alifariki mwaka 2020. Alyque yeye alibaki Bombay na chama kile cha kaka yake, akakitumikia mpaka uzee.

SABUNI NA MAMA KULSUM

Jukwaa halikulisha mtu Bombay, kama lisivyolisha mtu Nairobi wala Mombasa. Alyque akaingia katika kazi ya matangazo. Kampuni aliyodumu nayo ni Lintas, iliyoanzishwa na kampuni ya Lever, wenye sabuni, ili kutangaza bidhaa zao pande zote za dunia. Alipanda ngazi mpaka akawa mkuu wa Lintas India, akaiongoza kwa takriban miaka 14 kuanzia mwaka 1980.

Kisa kinachokumbukwa zaidi ni kile cha sabuni ya unga. Lever walikuwa wakiuza sabuni yao iitwayo Surf kwa raha zao. Kisha akatokea bwana mmoja wa Ahmedabad, Karsanbhai Patel, ambaye alianza mwaka 1969 kutengeneza sabuni ya unga nyumbani na kuiuza mwenyewe kwa baiskeli. Aliiita Nirma, kwa jina la binti yake. Bei yake ilikuwa ndogo mno kulinganishwa na ya Surf, na akina mama wa India wakaihamia kwa mamilioni. Hii ni methali yetu hasa: Nirma ilijiuza yenyewe kwa urahisi wake. Mabwana wakubwa wa Lever walishikwa na baridi.

Padamsee hakuweza kuipunguza bei ya Surf. Alichofanya ni kumtunga mtu. Alimtunga mama wa nyumbani aitwaye Lalitaji, mwenye sari nadhifu na ulimi mkali, ambaye hadanganyiki sokoni. Mchezaji Kavita Chaudhary akamvaa mtu huyo katika filamu fupi za televisheni. Lalitaji anapatana bei ya nyanya mpaka muuzaji anachoka, lakini sabuni ananunua ya bei ya juu. Akiulizwa sababu, anajibu kwamba kuna kitu rahisi na kuna ununuzi mzuri, na viwili hivyo si kimoja. Nusu kilo ya Surf inafua sawa na kilo nzima ya hiyo nyingine.

Kwa Kiswahili tungesema kwa maneno mawili tu: rahisi ghali. Padamsee mwenyewe alieleza kwamba Lalitaji alimchukua kwa mama yake mzazi. Mama Kulsum alikuwa na mali, lakini alisimama kwa muuza mboga akibishana juu ya senti, na wakati huo huo hakuona uchungu kununua kitu cha thamani akiamini kwamba kitadumu. Mwanawe alishangaa, akauliza, naye akapata somo ambalo baadaye liliiokoa sabuni ya watu wengine.

Tazama jambo hili vizuri. Mtu wa kawaida wa matangazo angepiga kelele kwamba Surf inang'arisha zaidi. Padamsee alifikiri kama mtunzi wa mchezo. Alijiuliza: Mtu huyu ni nani? Anataka nini? Anaogopa nini? Mama wa India aliogopa kuonekana mjinga mbele ya mume na jirani kwa kununua kitu ghali. Lalitaji alimwondolea hofu hiyo, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita Lalitaji mjinga. Ni mchezo wa sekunde thelathini, wenye mhusika, mgogoro na utatuzi.

Kwa njia hiyo hiyo, mwaka 1989 kampuni yake iliitangazia India pikipiki ndogo za Bajaj. Kampuni za Kijapani zilikuwa zimeingia na vyombo vipya vya kupendeza. Tangazo la Lintas halikusema Bajaj ina mbio kuliko wao. Liliwaonyesha Wahindi wa kila namna, mzee na kijana, tajiri na fundi, kila mmoja na Bajaj yake, na kuwaambia kwamba hii ni yetu sisi. Jina hilo limesafiri kuliko alivyodhani mwenyewe. Hapa Isiolo ni pikipiki ya bodaboda, na kule Dar es Salaam limekuwa neno la Kiswahili kabisa, maana kila chombo cha magurudumu matatu huitwa bajaji hata kama kimetengenezwa na kampuni nyingine.

SULTANI ALIYEMPOKEA IBN BATTUTA

Sasa tumfuate jioni, ofisi ikishafungwa. Huko mazoezini hakukuwa na mteja wa kumlipa wala sabuni ya kuuza. Mchezo ambao jina lake limefungamana nao ni Tughlaq, uliotungwa na Girish Karnad kwa lugha ya Kikannada mwaka 1964. Padamsee alimwomba mtunzi autie katika Kiingereza, naye Karnad akafanya hivyo, na mwaka 1970 ukachezwa Bombay. Sultani alichezwa na kijana mrefu mwenye sauti nzito aliyekuwa naye katika kazi ya matangazo, Kabir Bedi, ambaye baadaye alipata sifa kubwa Ulaya kwa kumcheza Sandokan katika televisheni ya Italia mwaka 1976.

Muhammad bin Tughluq alitawala Delhi kuanzia mwaka 1325 hadi 1351. Sisi wa Afrika Mashariki tuna shahidi wetu juu yake. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alipita pwani yetu mwaka 1331. Alilala usiku mmoja Mombasa, akaandika kwamba watu wake ni wacha Mungu, misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa vizuri, na mlangoni pa misikiti kuna visima ambako watu huosha miguu kabla ya kuingia. Kisha akaenda Kilwa, akamsifu Sultani Hassan kwa unyenyekevu na ukarimu wake. Miaka michache baadaye alifika Delhi, na Tughluq akamfanya kadhi. Ibn Battuta amemweleza sultani huyo kuwa mtu wa ajabu: mlangoni kwake hapakosi masikini aliyetajirishwa wala maiti aliyeuawa.

Tughluq alikuwa msomi, mjuzi wa falsafa na hesabu, mwenye mipango mikubwa ya kuwainua raia zake. Lakini kila mpango ulimgeukia. Aliamuru mji mkuu uhamishwe kutoka Delhi kwenda Daulatabad, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na watu wengi wakaangamia njiani. Alitoa sarafu za shaba akaamuru zichukuliwe kwa thamani ya fedha. Kwa muda mfupi kila nyumba ikawa kiwanda cha kughushi sarafu, na mwishowe ilimbidi azinunue tena kwa fedha halisi kutoka hazina yake. Katika mchezo wa Karnad, sultani aliyewahimiza watu wasali anafikia kupiga marufuku sala ya jamaa, kwa sababu maadui walitaka kumwua wakati wa sala.

Watazamaji wa India wa mwaka 1970 waliona katika mchezo huo sura ya viongozi wao wenyewe, waliokuja na ahadi tamu za uhuru na kuishia katika kuchoka. Lakini mimi nadhani kuna sababu nyingine kwa nini mtu wa matangazo aliupenda. Sarafu ile ya shaba ilikuwa tangazo tupu. Iliandikwa thamani ambayo ndani yake haimo. Sultani alidhani kwamba akitangaza kwa sauti ya kutosha, shaba itakuwa fedha. Padamsee alijua kwa kazi yake ya mchana kwamba tangazo linaweza kumfanya mtu anunue mara moja. Mara ya pili mnunuzi husikiliza mfuko wake.

GANDHI NA JINNAH

Wengi wetu tumemwona Padamsee kwa macho bila kumjua. Mwaka 1982 ilitoka filamu ya Gandhi, ya mwongozaji Mwingereza Richard Attenborough, ambayo ilipata tuzo nane za Oscar. Muhammad Ali Jinnah, baba wa Pakistan, katika filamu hiyo ni Alyque Padamsee: mwembamba, mtulivu, suti yake haina mkunjo. Jinnah wa kweli naye alitoka katika ukoo wa Khoja wa Kathiawar. Na Gandhi alichezwa na Ben Kingsley, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Krishna Bhanji. Baba yake Kingsley alizaliwa Kenya na kukulia Zanzibar, ambako babu alikuwa akifanya biashara ya viungo, kabla ya kwenda Uingereza. Basi mahasimu wawili wakubwa wa historia ya India walichezwa na watu wawili wa asili moja ya Khoja, na mmoja wao mizizi yake imepita Unguja.

Kwetu sisi si ajabu kwamba Khoja akapenda jukwaa. Farouk Topan, mtoto wa Zanzibar, alitunga tamthilia za Kiswahili zinazosomwa mpaka leo, Mfalme Juha iliyotoka mwaka 1971 na Aliyeonja Pepo iliyotoka mwaka 1973. Pande zote mbili za bahari, watu wa duka wametoa watu wa jukwaa.

MWANDISHI WA MATANGAZO ALIYETUNGA MCHEZO

Padamsee hakuwa mtunzi wa tamthilia hasa. Alikuwa mwongozaji wa tamthilia za wenzake. Lakini katika miaka ya 1990 alikutana na kijana aliyekuwa vyote viwili. Mahesh Dattani, aliyezaliwa Bangalore mwaka 1958 kwa wazazi wa Kigujarati, alikuwa ameifanya kazi ya kuandika matangazo kabla ya kujitia kabisa katika utunzi. Mwaka 1998 alipata tuzo ya Sahitya Akademi, naye alikuwa mtunzi wa kwanza wa michezo ya Kiingereza kuipata.

Mchezo wake uitwao Final Solutions ulichezwa mara ya kwanza Bangalore mwaka 1993, kisha Padamsee akauongoza Bombay. Wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Mwezi wa Desemba 1992 msikiti wa Babri huko Ayodhya ulibomolewa, na ghasia baina ya Wahindu na Waislamu ziliua mamia ya watu katika mji wa Bombay peke yake.

Kisa ni hiki. Usiku wa fujo vijana wawili wa Kiislamu, Javed na Bobby, wanakimbizwa na umati, wanabisha mlango wa nyumba ya Kihindu. Mwenye nyumba, Ramnik Gandhi, anawafungulia. Mama yake mzee, Hardika, hataki kuwaona. Moyoni mwake kuna jeraha la mwaka 1948, alipokuwa bibi harusi kijana na urafiki wake na msichana wa Kiislamu aitwaye Zarine ukavunjika vibaya. Miaka arobaini na zaidi mama huyu amewachukia Waislamu kwa ajili ya jeraha hilo.

Mwisho wa mchezo mwanawe anamfunulia siri. Duka la baba yake Zarine halikuungua kwa bahati mbaya wala kwa hasira ya umati tu. Lilichomwa kwa hila ya baba na babu yake Ramnik, wakatumia fujo za dini kama kisingizio, kisha wakalinunua kwa bei ya kutupa. Duka ambalo familia imekuwa ikilila miaka yote ni duka hilo. Ramnik aliwafungulia wale vijana mlango kwa sababu ya deni lililokuwa likimkaba koo.

Umati katika mchezo huu huchezwa na watu watano tu, wenye vinyago kumi vya kushika kwa kijiti, vitano vya Kihindu na vitano vya Kiislamu. Wakiinua hivi, ni umati wa Kihindu. Wakiinua vile, ni umati wa Kiislamu. Miguu, mikono na sauti ni zile zile.

Mwenyeji wa Isiolo hahitaji kufafanuliwa. Mji huu ni wa Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu. Wasomali wengine ni wajukuu wa askari wa King's African Rifles waliopewa makao hapa baada ya vita vikuu vya kwanza. Msikiti na kanisa, duka na boma, vimekaa jirani miaka yote hiyo. Hata hivyo mwishoni mwa mwaka 2011 na mwanzoni mwa 2012 watu waliuana hapa, nyumba zikachomwa, na familia nyingi zikahama. Kila upande ulisema ni kabila. Lakini ukiuliza wazee kwa utulivu, utasikia pia habari za malisho, za visima, za viwanja vinavyopanda bei, na za viti vya siasa. Siri ya Ramnik inafahamika Isiolo bila tafsiri.

LAWAMA

Haitakuwa haki kumsifu Padamsee tu. Mwaka 1975 kampuni yake iliitangaza sabuni ya kuogea ya Liril kwa kumwonyesha msichana akiogelea chini ya maporomoko ya maji na nguo haba. Sababu aliyoitoa ilikuwa na akili: alisema mama wa India hana dakika yake mwenyewe ila zile kumi za bafuni, na hapo ndipo ndoto zake zilipo. Sabuni ikauzwa sana. Lakini mzazi wa Kiislamu, wa Bombay au wa Mji wa Kale wa Mombasa, ana haki ya kuuliza kwa nini mwili wa binti wa watu ufanywe chambo cha sabuni. Mwaka 1991 likaja tangazo jingine la mipira ya kiume ambalo lilizusha zogo kubwa zaidi. Yeye hakutubia. Aliona kuwa haya ya watu ni kufuli tu linalohitaji ufunguo.

Na kuna swali zito zaidi. Je, ni halali kutumia ufundi wa kumsoma mtu, hofu zake na ndoto zake, ili anunue? Dini yetu haikukataza kusifu bidhaa. Ilikataza kuficha. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vyake vikatoka vimelowa. Muuzaji alijitetea kwamba ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, na akaonya kwamba mdanganyifu si mwenzetu. Kipimo ni hicho. Lalitaji anaweza kupita hapo ikiwa nusu kilo ile kweli inafua sawa na kilo. Sarafu ya Tughluq haipiti.

Nikimtazama Padamsee kwa kipimo hicho, naona mtu ambaye mchana aliiweka nafaka kavu juu, kama kazi yake ilivyodai, na jioni akaenda jukwaani kuwaonyesha watu ile iliyolowa chini. Tughlaq ilifunua uongo wa mtawala. Final Solutions ilifunua uongo wa jirani mwema. Huenda asingeujua uongo kwa undani namna hiyo kama asingekuwa akila kwa kazi ya kuzipamba bidhaa.

TUJIFUNZE NINI?

Serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri mwaka 2000. Alifariki Mumbai tarehe 17 Novemba 2018, akiwa na miaka 90. Watoto wake kadhaa wameifuata njia ya jukwaa, miongoni mwao Quasar, ambaye ni mwongozaji wa michezo.

Vijana wetu wa pwani na wa kaskazini wenye kipaji cha kuigiza huambiwa na wazazi waache upuuzi wakatafute kazi. Wengine huacha kabisa, na wengine hung'ang'ania mpaka njaa inawavunja. Maisha ya Padamsee yanaonyesha njia ya tatu, ya mtu aliyekula kwa kalamu mchana na kutumikia kalamu ile ile usiku bila kuidharau kazi moja kwa ajili ya nyingine. Leo redio za Kiswahili na za lugha za kaskazini zinahitaji watu wa kuandika matangazo, na wengi wanaojaribu hutafsiri tu ya Kiingereza mpaka tangazo likawa halina ladha. Mwenye kuujua mchezo wa kuigiza angejua kwamba lazima kwanza uwe na mtu, kama Mama Kulsum kwa muuza mboga.

Na visa havikosekani. Tarehe 28 Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi pamoja na Chifu Haji Galma Dido, wakati wilaya hizi zikigombaniwa kati ya Kenya na Somalia. Barabara moja ya katikati ya Nairobi ina jina la Wabera, na maelfu huipita kila siku bila kujua alikuwa nani. Hapo pana tamthilia nzima: mtu wa serikali, chifu wa Kiislamu, mpaka unaogombaniwa, na nchi ambayo uhuru wake ulikuwa umebakiza miezi michache tu. Inamngoja mtu wa Isiolo aitunge, hata kama mchana anaandika tangazo la sabuni.